Mwalimu, Baki ni Mimi

Masomo: Luka 15:3–7 na Yohana 6:5–13



Mchungaji ameniomba niandike tafakari ya toleo hili. Nilimjibu kwamba mimi si mhubiri. Mimi ni mwalimu wa hesabu aliyestaafu, niliyefunzwa ualimu Butimba na kuzeekea mbele ya ubao. Akasema, "Basi, Mwalimu, tuhubirie hesabu." Sikutambua kama anatania au la, lakini mchungaji ni mchungaji, nami nimetii.

Hesabu yangu ni namba moja tu, nayo ni kubwa: 61,741,120. Wengi mtaikumbuka. Ndiyo idadi ya watu waliohesabiwa katika Tanzania nzima kwa Sensa ya Agosti 23, 2022, Bara watu 59,851,347 na Zanzibar watu 1,889,773. Wanawake walikuwa 31,687,990 na wanaume 30,053,130. Mkoa wetu wa Shinyanga ulikuwa na watu 2,241,299, na jirani zetu wa Geita walikuwa 2,977,608, ambao miaka kumi kabla yake walikuwa 1,739,530 tu. Matokeo yalipotangazwa Dodoma, Oktoba 31 mwaka ule ule, nilikuwa nimeketi barazani na redio yangu, nikaiandika ile namba nyuma ya kalenda ya kanisa.

Mtu aliyefundisha hesabu miaka zaidi ya thelathini hawezi kuiona namba akaiacha hivi hivi, kama vile seremala asivyoweza kukipita kiti kinachoyumba. Nilichukua kalamu nikaanza kuigawa. Inaishia na sifuri, kwa hiyo inagawanyika kwa kumi, na hilo hata mtoto wa darasa la tatu analijua. Nikaijaribu kwa mbili, ikakubali mara sita mfululizo. Ikakubali tano mara moja. Ikakubali saba. Kisha ikagoma. Kumi na moja ikakataa, kumi na tatu ikakataa, kumi na saba, kumi na tisa, ishirini na tatu, zote zikakataa. Chai ikapoa. Nilipofika arobaini na tatu ikafunguka, na kilichosalia mwisho kabisa kilikuwa 641, ambayo haigawanyiki kwa kitu chochote isipokuwa moja na yenyewe. Kwa hiyo hesabu ya watu wa taifa letu kwa usiku ule wa sensa ni hii:

2 × 2 × 2 × 2 × 2 × 2 × 5 × 7 × 43 × 641.

Asiyeamini na azidishe mwenyewe.

Nilipoiona ile 43 niliweka kalamu chini kwa muda. Sababu yake nitaieleza mbele, maana ndiyo iliyonifanya nikubali kuandika.

Namba kama 2, 5, 7, 43 na 641 shuleni tunaziita namba tasa. Neno hilo sijawahi kulipenda. Katika nchi yetu hii mwanamke akiitwa tasa hubeba neno hilo kama kuni mbichi kichwani, tena siku nyingine watu wasiomcha Mungu humwongezea na jina la uchawi, nasi twajua mambo hayo yamefikia wapi katika mikoa yetu. Lakini katika hesabu namba tasa ndizo zilizozaa nyingine zote. Hakuna namba nzima kubwa kuliko moja ambayo ama si tasa yenyewe, ama haikujengwa kwa namba tasa kwa kuzidishwa. Hana na Elisabeti wangelifahamu jambo hili upesi kuliko wanafunzi wangu.

Na sasa nizungumze kidogo juu ya 641, maana ni namba mashuhuri. Katika karne ya 17 alikuwako Mfaransa mmoja, mwanasheria, jina lake Pierre de Fermat, aliyependa hesabu kuliko kesi zake. Aliona namba tano zimefuatana kwa utaratibu fulani: 3, 5, 17, 257 na 65,537. Zote ni tasa. Hupatikana kwa kuizidisha mbili kwa yenyewe na kuongeza moja, na kila hatua idadi ya zile mbili ni maradufu ya ile iliyotangulia. Ya sita katika mfuatano huo ni 4,294,967,297, yaani mbili thelathini na mbili zilizozidishwa pamoja, kisha moja juu yake. Fermat aliamini kwamba hiyo nayo ni tasa, na kwamba zote zitakazofuata zitakuwa hivyo. Nani angembishia? Tano za kwanza zilikuwa mashahidi wake. Basi watu wakaiacha hivyo kwa karibu miaka mia moja, hata mwaka 1732 Leonhard Euler, Mswisi, mtoto wa mchungaji, alipoigawa kwa 641 ikagawanyika bila baki: 641 × 6,700,417. Alikuwa na umri wa miaka 25. Mashahidi watano walikuwa wamesema kweli kila mmoja kwa habari yake mwenyewe, lakini hawakuwa na haki ya kumsemea wa sita.

Liweke neno hilo moyoni, msomaji, kwa kuwa sisi nasi tuna tabia hiyo. Tukiona watano wa nyumba moja wako ibadani twasema nyumba ile ni nzima.

Nakuomba usinielewe vibaya. Sisemi kwamba 641 kuwamo ndani ya hesabu ya Watanzania ni ishara. Vijana wetu wanatafuta namba za bahati kwa kubeti, wengine huenda kwa waganga kuuliza siku ya kuingia duarani, na hata makanisani wapo wanaokesha wakiipindua namba ya mnyama wa Ufunuo ili imwangukie mtu wasiyempenda. Hayo yote ni ramli, hata kama ramli hiyo imevaa kanzu ya kanisa. Namba ya sensa imetoka hivyo ilivyo kwa sababu watu hao ndio walioonekana. Wala kuhesabu watu si dhambi, kama wengine walivyonong'ona mwaka ule. Ni kweli kwamba Daudi alikosa alipohesabu watu, 2 Samweli 24, lakini katika Hesabu sura ya 1 ni Mungu mwenyewe aliyemwagiza Musa ahesabu, wakapatikana 603,550. Yoabu alimletea Daudi hesabu ya watu wawezao kushika upanga. Mfalme alitaka kujua nguvu yake. Palipo na tofauti ni hapo, katika kusudi la anayehesabu.

Turudi kwenye namba yetu. Hiyo 61,741,120 ina vigawo 112, yaani ziko njia 112 za kuwapanga watu wote hao katika mafungu yaliyo sawa, asisalie mtu. Sasa mwondoe mtu mmoja. Mmoja tu, usimchague. Tunapata 61,741,119. Kwa macho ni namba ile ile, na gazeti lingeandika milioni sitini na moja na pointi saba kama kwanza. Lakini ijaribu kuigawa. Kwa mbili inakataa. Kwa tano, kwa saba, kwa 43, kwa 641, kote inakataa. Badala yake inakubali 3 na 11, ambazo ile ya kwanza ilizikataa. Katika vile vigawo 112 kimebaki kimoja tu, nacho ni moja yenyewe. Vingine 111 vimekwenda na yule mtu mmoja.

Si kwa namba hii tu. Chukua punje 21 za mahindi, uzipange saba saba. Yanatoka mafungu matatu. Ondoa punje moja, mafungu ya saba hayapo tena. Namba mbili zinazofuatana haziwezi kuwa na kigawo kimoja zaidi ya moja, kwa sababu kigawo kinachozigawa zote mbili hakina budi kuigawa na tofauti yao, na tofauti yao ni moja. Nimelifundisha jambo hilo mara nyingi, na wanafunzi hulisahau upesi, lakini ni kweli tangu mwanzo wa ulimwengu.

Basi soma tena Luka 15. Mtu ana kondoo mia, anapotelewa na mmoja. Wahubiri wengi hutuambia jinsi mchungaji yule alivyo na huruma, nao wasema vyema. Mimi naona pia kwamba alijua hesabu. Mia ni 2 × 2 × 5 × 5. Tisini na tisa ni 3 × 3 × 11. Hapana kitu kimoja wanachoshirikiana. Anayesema "wamebaki karibu wote" hajatazama vizuri. Kundi la mia halipo tena, lipo kundi jingine. Ndiyo maana mchungaji hakusema atangoja wapungue watano au kumi ndipo aondoke. Alikwisha kupoteza mia yake pale pale yule mmoja alipopotea.

Sasa nije kwenye 43.

Mwaka 1993 nilikuwa na darasa la sita katika shule moja ya msingi ya kijijini, mkoani mwetu. Wanafunzi walikuwa 43. Madawati yalikuwa 14, kila moja la watoto watatu, nao wanafanya 42. Mmoja alikaa juu ya tofali karibu na mlango. Alikuwa yule aliyefika mwisho kila siku kwa sababu alitoa ng'ombe zizini kabla ya kuja shuleni, na tofali likawa lake bila mtu kuamua. Siku moja nilifundisha kugawa kwa baki. Nikawaambia wajigawe wenyewe katika mafungu yaliyo sawa. Wakajaribu mawili mawili, akabaki mmoja. Matatu matatu, akabaki mmoja. Sita sita, akabaki mmoja. Saba saba, akabaki mmoja. Nilitaka wagundue wenyewe kwamba 43 ni tasa. Lakini kila walipojipanga aliyebaki nje alikuwa yule yule, na mara ya nne akanyosha mkono akasema, "Mwalimu, baki ni mimi."

Darasa likacheka. Nami nilicheka, nikamwambia amejibu vizuri.

Muhula uliofuata hakuja. Ilisemekana amefuatana na binamu zake wakubwa kwenda machimboni, upande wa Geita. Miaka ile mlipuko wa dhahabu ukisikika mahali, kijiji kilipungukiwa vijana usiku mmoja. Nilingoja majuma kadhaa nikiandika alama ya kutokuwapo, kisha nikachukua kalamu nyekundu, nikapiga mstari juu ya jina na kuandika mbele yake "mtoro". Na hapa nawaambieni ukweli, maana nimekuwa mzee na sina tena sababu ya kujipamba: niliona raha. Arobaini na mbili! Inagawanyika kwa mbili, kwa tatu, kwa sita, kwa saba. Madawati yakatosha. Mafungu ya kulima shamba la shule yakatoka sawa. Nilitoa lile tofali nikalitumia kuzuia mlango usipige. Nyumbani kwao palikuwa mwendo wa nusu saa kwa baiskeli, na baiskeli nilikuwa nayo. Sikwenda.

Aliyekuja ni mama yake, kwa miguu. Alisimama mlangoni akaniuliza, "Mwalimu, katika daftari lako mwanangu ameandikwaje?" Nikamwambia ameandikwa mtoro. Akafikiri kidogo akasema, "Basi mtoro ni mtu aliye mahali fulani." Akashukuru, akaenda zake. Sikuwa na neno la kumjibu.

Habari zake tulizisikia mara mbili tatu. Dereva wa lori alisema amemwona anavuta winchi. Mwingine akasema yuko karashani, anasaga mawe. Baada ya zile mvua kubwa za El Niño za 1997 na 1998 hatukusikia tena.

Ndugu zangu, wengi wetu tuna mtu huko. Tunajua mambo yalivyo. Dhahabu hupimwa kwa mizani ya umeme, na mchimbaji atagombana na mnunuzi kwa pointi moja ya gramu, na ni haki yake. Tangu masoko ya madini yalipofunguliwa mwaka 2019 kila kinachouzwa humo huandikwa. Lakini ni maduara mangapi ambapo asubuhi mtu husimama mdomoni na daftari, akaandika nani ameshuka, na jioni akamwita kila mmoja kwa jina lake? Siwalaumu wote. Wapo wenye maduara waangalifu, na wengine ni waumini wenzetu. Nasema tu kwamba mifuko ya mawe huhesabiwa kwa sababu mgawo unategemea mifuko, na watu hawahesabiwi kwa sababu akikosekana mmoja mgawo wa waliobaki huongezeka. Hiyo ndiyo hesabu yangu ya madawati.

Katika mgodi mdogo wa Nyangalata, wilayani Kahama, ardhi iliporomoka Oktoba 5, 2015, na watu sita wakanaswa chini. Juu watu walikwisha kuwahesabu kati ya wafu. Novemba 15, baada ya siku 41, watano wakatolewa wakiwa hai, nao walikuwa wameishi kwa mizizi, vyura na mende, na maji yaliyochuruzika kwenye mwamba. Mwenzao wa sita alikuwa amefariki humo humo shimoni. Siku 41! Fikiri jinsi kila mmoja wao alivyohitaji kwamba juu awepo mtu mmoja anayekataa kukubali hesabu iliyokwisha fungwa. Na Nyarugusu, mkoani Geita, Januari 2017, walinaswa watu 15, Watanzania 14 na Mchina mmoja. Uokoaji ulichukua siku tatu, na wote 15 wakatoka. Nadhani palikuwa na tofauti ya kujua idadi. Anayejua kwamba chini wako kumi na tano hawezi kuacha kuchimba akiwa na kumi na nne.

Naomba sasa tufungue Yohana 6, pale Bwana alipowalisha watu. Mathayo naye anaisimulia habari hiyo, na anatuambia wazi kwamba wanaume walikuwa kama elfu tano, pasipo kuhesabu wanawake na watoto. Hiyo ilikuwa desturi ya kuhesabu ya siku zile. Lakini Yohana anatuonyesha mikate ilitoka wapi. Ilikuwa mikononi mwa mtoto. Yaani chakula cha umati mzima kilikuwa kwa mmoja wa wale ambao hawakuingizwa katika hesabu. Kama wanafunzi wangetafuta chakula kwa wale elfu tano peke yao, wakifuata orodha, wangerudi mikono mitupu. Na watu walipokwisha kushiba, Bwana hakuruhusu masalio yaachwe majanini. Aliwatuma wanafunzi wayaokote, vikajaa vikapu kumi na viwili. Sisi katika hesabu tuna desturi ya kuandika jibu kwa herufi kubwa, na baki pembeni kwa herufi ndogo; wengine hata hawaiandiki. Yohana ameiandika baki, na kuitaja idadi yake. Isaya naye alipotaka kuwataja wale ambao Mungu angeanza nao upya, aliwaita mabaki.

Nilisoma sura hiyo miaka mingi bila kulikumbuka tofali.

Mwaka 2022 karani wa sensa alipopita mtaani kwetu, mimi nilifuatana naye kwa nyumba chache kwa kuwa ni mgeni na mbwa wa huku si wapole. Tukafika kwa yule mama. Sasa ni bibi, na macho yamepungua nguvu, lakini Jumapili hakosi. Kijana akamwamkia, "Shikamoo, bibi." Akaitikia, akamkaribisha kigoda. Kijana akawasha kishikwambi chake akauliza, ni watu wangapi waliolala katika nyumba hii usiku wa kuamkia Jumanne, Agosti 23?

"Watatu," akasema bibi. "Na mmoja yuko machimboni."

Kijana akaeleza kwa adabu, kama alivyofundishwa, kwamba aliyelala kwingine atahesabiwa huko huko alikolala.

"Na kama alikolala hakuna mlango wa kubisha?"

Karani alinitazama mimi. Nami nilitazama chini. Kijana yule hakuwa na kosa. Kila hesabu ina kanuni zake, na bila kanuni mtu mmoja angehesabiwa mara mbili. Akaandika watatu, akaaga vizuri, tukaenda nyumba ya pili.

Kwa hiyo ile 61,741,120 niliyoigawa barazani miezi miwili baadaye, mimi nilikuwa nimeona kwa macho yangu mahali inapoweza kuwa imepungua mmoja. Na ikiwa yuko hai, na hakuna aliyembishia mlango, basi hesabu kamili ya watu ni nyingine, na vigawo vyake ni vingine, na ile kazi yangu yote nyuma ya kalenda ni ya taifa ambalo halipo. Nilipofika kwenye 43 nikakaa kimya kwa sababu hiyo. Nikafanya hesabu moja zaidi. Kama watu wote wale wangegawiwa wanafunzi wangu wa darasa la sita, waliokuwa 43, kila mtoto angepewa watu 1,435,840, asisalie mtu hata mmoja. Kwa wanafunzi 42 haigawanyiki. Wanabaki watu 28, hawana mtu wa kuwachukua. Nimekwisha kusema kwamba si ishara, na nasimama hapo hapo. Lakini daftari lile la 1993 lilinirudia mbele ya macho, na mstari wangu mwekundu.

Nilikwenda kwa yule mama jioni ile. Sikwenda kwa baiskeli. Sasa sisi ni majirani. Nikamweleza habari ya madawati na habari ya tofali, mambo ambayo hakuwa anayajua. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Mwalimu, mimi nilidhani nyumbani kwangu peke yangu ndiko anakohesabiwa." Akanipa karanga za kuchemsha. Tulikaa mpaka giza likaingia, tukaomba, yeye kwa Kisukuma, mimi kwa Kiswahili.

Mambo hayo nimeyaeleza katika kikao cha wazee wa kanisa, nao wamekubali jambo moja. Liko daftari kwa katekista, jipya, lenye jalada gumu. Kila mwenye mtu aliye machimboni, awe mwana, mume, ndugu au binti, aandikishe jina lake, mahali alipo kwa kadiri ijulikanavyo, na siku aliyosikika mara ya mwisho. Majina hayo yatasomwa yote katika Sala ya Jioni kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi, bila kufupisha, hata tukichelewa. Wawili wa vijana wetu wanaokwenda Geita kwa biashara wamejitolea kuchukua nakala na kuuliza huko. Umoja wa Akina Mama watawatembelea waliobaki nyumbani. Hatutafuta jina kwa sababu ya muda kupita. Likifutwa, liwe limefutwa na mwenyewe kwa kuingia mlangoni.

Mimi nimeandika jina la kwanza, kwa kalamu ya bluu. Wengine wote mnaombwa kuja baada ya ibada, na mje na jina la baba na la babu pia, maana akina Masanja na akina Shija ni wengi, na katekista hataki kuwachanganya.